Ukichagua kazi umechagua majirani: mwongozo kamili wa kuchuma na kuishi na wapiga soga katika Old School RuneScape

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanza Old School RuneScape, gemu la mtandaoni la watu wengi, ni hili: "Nikate miti, nivue samaki au nichimbe madini? Ipi inalipa?" Ni swali zuri, ila limebeba nusu tu ya jambo. Katika gemu hili kazi ya kuchuma hufanyika mahali pamoja, kwa muda mrefu, mbele ya watu. Ukichagua kazi umechagua na majirani: watakaokusalimia, watakaokuuliza unatoka wapi, watakaokuomba sarafu, na yule mmoja ambaye mdomo haumpumziki. Nimeshuhudia wachezaji wakiliacha gemu wakiwa na akiba nzuri benki, kwa kuwa tu hawakujua wafanyeje na mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo nayaeleza yote mawili kwa pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Machache kwanza kwa mgeni. RuneScape ilitolewa mwaka 2001 na Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Toleo la Old School lilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya gemu iliyohifadhiwa tangu Agosti 2007, na tangu Oktoba 2018 linachezwa pia kwenye simu, kwa akaunti ileile unayotumia kwenye kompyuta. Sehemu ya kuanzia ni bure. Kwetu sisi tunaocheza kwa bando lina faida nyingine kubwa: gemu huenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo shoka lako linaendelea kukata. Seva zake huitwa World, kila moja na namba yake. Ukiwa Dar, Mombasa au Kigoma chagua ya Uingereza au Ujerumani. Za Marekani na Australia ziko mbali mno, zitakuchelewesha bila sababu.

Hatua ya 1: Jua mali inagawanywaje

Hapa usipapite haraka, maana ndipo penye siri ya jambo lote. Tabia ya watu unaowakuta kwenye kazi haitokani na roho zao peke yake. Inatokana na namna gemu linavyogawa mali.

Sehemu ya kuvulia samaki haiishi. Watu kumi wanaweza kuvua pale pale na hakuna anayempunguzia mwenzake hata samaki mmoja. Baada ya muda sehemu hiyo huhama hatua chache, na wote mnaifuata. Hakuna cha kugombania, mikono haina haraka, na matokeo yake ni soga tupu. Ukingo wa mto ndiyo baraza ya gemu hili.

Miti ilikuwa na ushindani zamani: gogo moja la mwisho, mti unaanguka, wengine wanabaki wametoa macho. Mambo yalibadilika kwa sasisho la Forestry la Juni 2023. Siku hizi mti, isipokuwa ule wa kawaida unaotoa gogo moja tu, una saa yake, ambayo huanza kuhesabu mtu wa kwanza anapoupiga shoka, na mpaka saa hiyo iishe wote mnaokata mnaendelea kupata magogo. Zaidi ya hapo, mkikusanyika kwenye mti mmoja, kuanzia ule wa oak kwenda juu, kila mkataji huongeza leveli moja ya siri kwenye uwezo wenu, hadi leveli 10. Kwa maneno mengine gemu linawalipa kwa kukaa pamoja. Ndiyo maana mkata miti anakuita: "Njoo huku, mti huu!" Hakuonei huruma wala hakutaki kitu. Anakuhitaji, nawe unamhitaji.

Mawe ni kinyume chake. Jiwe la chuma hutoa kipande kimoja, kisha linakuwa tupu kwa kila mtu kwa sekunde tano hivi. Aliyegusa kwanza amechukua. Palipo na mawe matatu, mchimbaji mmoja yuko raha, wawili wanakasirikiana. Matusi mengi niliyowahi kutukanwa katika gemu hili nilitukanwa mgodini, na wala sikuwa nimesema neno. Nilikuwa nimegusa jiwe tu.

Hatua ya 2: Pima mikono yako, muda wako na hamu yako ya watu

Jiulize kwanza mikono yako iko wapi. Mti wa willow unaugusa mara moja, na unaweza kukaa nusu dakika bila kugusa skrini tena. Samaki ni hivyo hivyo. Chuma kinataka kidole kila sekunde mbili tatu. Kwenye simu kuna jambo ambalo wenye kompyuta hawalijui: kibodi ikifunguka inafunika karibu nusu ya skrini. Mchimbaji akitaka kujibu salamu amepoteza jiwe. Mvuvi anajibu, anafunga kibodi, na samaki wamezidi kuingia. Kwa hiyo anayekaa kimya mgodini usimhesabu kuwa ana kiburi.

Kisha muda. Ukiwa na dakika kumi za kwenye daladala, mti ulio karibu na benki unakufaa. Saa mbili za usiku, nenda mtoni.

Mwisho, sema ukweli wako kuhusu watu. Kuna anayecheza ili apumzike kutokana na maneno ya kutwa nzima, na kuna anayecheza kwa sababu nyumbani hana wa kuongea naye. Wote wana haki yao. Mwenye kutaka ukimya asiende Draynor, kijiji cha humo ndani kinachojaa wachezaji, halafu alalamike kwamba kuna kelele.

Ushauri wangu kwa wengi: anza na miti, Woodcutting kwenye orodha ya ujuzi, kisha samaki, Fishing. Madini, Mining, yaache mpaka utakapotaka kufua silaha, au mpaka ujione unapenda kazi ya kugusa-gusa. Usiogope kukosea. World of Warcraft, gemu jingine la aina hii, humruhusu mhusika kazi kuu mbili tu, na kubadilisha kunaumiza. Hapa unaweza kujifunza zote, na uliyoiacha inakusubiri kwa leveli ileile.

Hatua ya 3: Panda leveli kwa hesabu

Ukitoka Tutorial Island, kisiwa cha mafunzo ya mwanzo, una shoka la bronze, sururu na wavu mdogo. Usinunue kitu kwanza. Kata miti ya kawaida pale Lumbridge: kila gogo ni XP 25, yaani pointi za uzoefu, na leveli 15 inataka XP 2,411, yaani magogo 97. Hiyo ni kazi ya kikao kimoja. Kuanzia 15 hamia oak, XP 37.5 kwa gogo. Magogo 292 yanakufikisha 30. Njiani badilisha shoka: la steel ni leveli 6, mithril 21, adamant 31, rune 41. Lile la steel linauzwa palepale Lumbridge kwenye duka la Bob. Ikiwa leveli yako ya Attack, ujuzi wa kushambulia, inaruhusu, lishike mkononi badala ya kulibeba, kwa sababu mkoba una nafasi 28 na shoka lililomo ndani linakula moja.

Leveli 30 inafungua willow, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kutoka 30 hadi 60 ni XP 260,379, na willow inatoa 67.5. Piga hesabu: magogo 3,858, mikoba 138 iliyojaa. Hakuna njia ya mkato. Mahali pazuri pa kuifanya kazi hiyo ni Draynor, kwa kuwa miti iko hatua chache tu kutoka benki, na ndiyo maana pamejaa watu mchana na usiku. Huwezi kumaliza mikoba 138 ukiwa na vita na majirani. Ukifika 60 unahamia yew, polepole zaidi lakini magogo yana bei. Iliyo karibu na Edgeville ni maarufu kwa sababu benki ipo karibu.

Samaki: anza na wavu Draynor kwa uduvi. Leveli 20 nunua fimbo ya kuvulia kwa manyoya na manyoya mengi, bandari ya Port Sarim kwenye duka la Gerrant, nenda mtoni Barbarian Village. Trout hutoa XP 50, na kuanzia leveli 30 unapata salmon wa XP 70 palepale. Leveli 40 inafungua kamba koche, na wengi hukimbilia kisiwa cha Karamja. Angalia nauli ya meli, sarafu 30 kutoka Port Sarim, na kwamba pale pa kuvulia hakuna benki: unavuka kurudi Port Sarim kuweka mzigo kwenye sanduku la bandarini. Ni safari ya wavumilivu, na wanaoifanya huwa watulivu. Mazungumzo bora kabisa niliyowahi kuwa nayo yalikuwa pale gatini.

Madini kwa ufupi: shaba na bati hadi leveli 15, kisha chuma, XP 35 kwa kipande. Mgodi wa kusini mashariki mwa mji wa Varrock unatosha. Al Kharid nako kuna chuma, lakini nge wake hushambulia wenye leveli ndogo. Makaa ya mawe ni leveli 30.

Kuhusu kuuza, soko kuu liko Varrock na linaitwa Grand Exchange. Akaunti ya bure ina nafasi tatu za kuuza au kununua kwa wakati mmoja. Kodi ni asilimia 2, na kitu cha bei chini ya sarafu 50 hakikatwi. Ukiona soko linakataa magogo yako usidhani umeibiwa: akaunti mpya ya bure hufungiwa kuuza baadhi ya bidhaa za kawaida mpaka itimize saa 20 za kucheza, pointi 10 za Quest, yaani misheni za gemu, na jumla ya leveli 100. Hifadhi benki, zitauzwa baadaye.

Hatua ya 4: Panga chati kabla hujatoka benki

Chini ya chati kuna vichupo. Bonyeza kila kimoja na ushikilie, menyu itafunguka. Mimi huweka hivi.

Kichupo cha Public, yaani maneno ya watu wote, nakiacha On ninapotaka watu. Nikichoka naweka Hide: maneno hayaingii kwenye sanduku la chati, lakini bado yanaonekana juu ya vichwa vya wasemaji kwa sekunde chache kisha yanafutika. Huo ndio mpangilio ninaoupenda kuliko yote. Unasikia baraza bila kuandikiwa barua. Off inafuta hata hayo ya kichwani, na Friends inaacha ya marafiki tu.

Private iwe Friends tangu siku ya kwanza. Hapo wanaokuona uko hewani ni wale uliowaongeza wewe. Trade iwe Off au Friends unapokuwa kazini, la sivyo maombi ya biashara kutoka kwa wapita njia hayataisha.

Hatua ya 5: Waondoe kwanza wenye nia mbaya

Kuna watu ambao kuongea ndiyo silaha yao. Hawa hawahitaji adabu ndefu.

Wa kwanza ni yule wa "nipe sarafu nikuzidishie mara mbili". Atakuzidishia kweli, elfu moja kuwa elfu mbili, ili uamini. Ukileta nyingi anatoweka. Nilipoteza sarafu 40,000 hivyo mwezi wangu wa kwanza, jasho la siku tatu za samaki, na bado nakumbuka alivyoniita "rafiki" kila sentensi. Hakuna anayezidisha. Biashara ina skrini mbili za kukubali. Soma ya pili yote, kila mara.

Wa pili atakuambia kwamba gemu linaficha nenosiri lako ukiliandika, kisha ataandika nyota nane kama ushahidi. Ameandika nyota. Usijaribu.

Wa tatu ni mwema kupita kiasi anayekuambia umfuate akuonyeshe mahali penye mali. Kaskazini tu mwa Edgeville kuna mtaro, na ng'ambo yake ni Wilderness, ambako wachezaji wanaruhusiwa kukuua na kuchukua vitu vyako. Mtu akikuita uvuke mtaro ukiwa umebeba akiba, mazungumzo yamekwisha.

Na yeyote anayeuliza namba yako ya simu, shule yako, mtaa wako, au anayekutumia linki, hata kama anaongea Kiswahili kitamu kama cha nyumbani, shikilia jina lake kwenye chati, chagua Report, kisha Add ignore. Kama una mdogo wako anayecheza, kaa naye umwonyeshe hili kwa mkono wako. Umri wa chini wa gemu ni miaka 13, na mtoto wa miaka 13 huamini haraka mtu anayemsifia.

Hatua ya 6: Mpiga soga mwema

Sasa anabaki yule ambaye hana ubaya wowote. Anaongea tu. Anaongea kuhusu mbwa wake, kazi yake, leveli zake, anauliza swali juu ya swali, na ukinyamaza anaandika "upo?" Huyu ndiye anayewashinda watu, kwa sababu hutaki kumuumiza na hutaki kumsikiliza tena.

Msalimie wewe kwanza. Naona watu wengi wakikosea hapa, wakidhani salamu itafungua mlango wa gumzo lisiloisha. Aliyesalimiwa vizuri hutulia. Anayeongea sana mara nyingi anapima kama kuna anayemwona. Andika salamu, na papo hapo sema uko katika hali gani: "Habari, nakata hapa, najibu polepole." Sentensi hiyo moja inakuokoa na "upo?" ishirini.

Kisha mpe mwendo wa kutegemea. Hili nilijifunza Draynor, usiku mmoja. Jina la mhusika wangu lina neno la Kiswahili ndani yake, na jamaa mmoja chini ya willow aliliona akaandika "mambo vipi bro". Alikuwa Mtanzania anayefanya kazi Muscat, zamu ya usiku, na hakuwa ameandika Kiswahili na mtu siku nyingi. Maneno yalifunguka kama bomba: joto la huko, chumba wanacholala wanne, mama yake Tanga, shoka alilokuwa analitafuta. Nilikuwa nimechoka na nina mikoba kumi ya kumaliza. Nikamwandikia: "Kaka, nakusoma yote. Nitakujibu kila mkoba ukijaa, nikienda benki." Akaandika "poa".

Ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Gogo la 28 likiingia natembea hatua zangu chache hadi benki, naweka mzigo, nafungua kibodi, namjibu kwa ukamilifu yale aliyoyasema, si "haha" wala "sawa". Nafunga, narudi kwenye mti. Yeye naye akaanza kukusanya maneno yake kwa mkoba. Baada ya saa moja alikuwa anaandika kidogo kuliko mimi, na leveli yake ilikuwa imepanda mbili.

Usimjibu mtu nusu nusu kila sekunde kumi. Majibu ya "eeh" na "kweli?" yanamwambia aendelee kusema, huku wewe husikilizi, na mwishowe unakasirika kwa jambo ulilolianzisha. Kujibu mara chache kwa moyo ni bora kwenu wote.

Ukitaka kuondoka, aga. Usipotee tu. "Nimefika nilipotaka, naenda kulala, asante kwa kampani" inatosha, hata kama unahamia seva nyingine kukata kwa ukimya. Kama anakufuata kila seva unayohamia, hapo si soga tena: weka Public iwe Friends kwa siku kadhaa, na akizidi, Add ignore. Ignore si tusi. Yeye haoni taarifa yoyote, wewe humsikii.

Kwa mgomvi wa mgodini anayekuambia "toka, hii World yangu", usibishane. Hakuna seva ya mtu, lakini hakuna hoja itakayomrudisha nyuma. Hama, inachukua sekunde chache, na mawe matatu yasiyo na mtu yanakusubiri kwingine.

Na ikiwa wewe ndiye mpiga soga, angalia mkono wa mwenzako kabla ya kuanza: mvuvi muongeleshe, mkata miti muongeleshe, mchimba chuma msubiri mkoba wake ujae aelekee benki, umsalimie njiani.

Yule jamaa wa Muscat bado nakutana naye, zamu zake zikiruhusu. Sasa tuko kwenye yew. Akiingia haandiki salamu ndefu siku hizi. Anasimama upande wa pili wa mti, anaandika "wa ngapi?", namwambia "wa sita", naye anaanza kukata.